Binti wa Maswa, Baba Yake na Wiski ya "Miaka 30": Vichupa Sita Alivyovileta Nyumbani na Ukweli Alioogopa Kuusema

Siku hizi ukipita kwenye status za WhatsApp mwisho wa mwaka, lazima ukutane na chupa. Imesimamishwa mezani, lebo imegeuzwa iangalie kamera, pembeni kuna funguo za gari ambazo wakati mwingine hata si za mwenye status. Chini yake ndiyo ubishi unaanza: ya miaka 18 ndiyo baba lao, ya miaka 12 ni ya watoto, ile ya moshi ni ya washua tu. Wengi wanaobishana hivyo hawajawahi kuziweka mbili mezani kwa wakati mmoja, wakanusa hii, wakarudi kwenye ile, wakasema kwa nini.

Kuna dada mmoja mzaliwa wa Maswa, mkoa wa Simiyu, ambaye kwake hiyo ni kazi. Huu ni mwaka wa saba anasimama kaunta kwenye baa ya hoteli moja kubwa jijini Dar es Salaam. Wateja wake wa kudumu wanamuita Daktari, maana kabla hajakumiminia kitu anakuuliza maswali: umekula nini, chai unaweka sukari nyingi au kidogo, nyumbani kwenu walipikia kuni au gesi? Mtu anadhani anapigiwa stori. Kumbe majibu hayo matatu yanamtosha kujua akupe chupa gani.

Sasa, nyumbani Maswa hakuna aliyekuwa anaijua hiyo kazi, au ndivyo yeye alivyoamini. Baba yake, fundi mstaafu wa kinu cha kuchambua pamba, alikuwa anajua binti yake yuko "hotelini, upande wa mapokezi". Ndivyo alivyowaambia majirani, ndivyo alivyomwambia na mchungaji. Mama ni mwanakwaya wa AIC, kanisa ambalo pombe haina mjadala. Na mtaani kwao, kama mitaa mingi tu, "binti wa baa" ni maneno yenye mkia mrefu. Hakuna anayesubiri umalizie sentensi.

Angeweza kwenda hivyo hivyo hata miaka ishirini. Kilichomponza ni chupa ambayo wala hakuinunua yeye.

Mzee alistaafu mwaka 2006, enzi hizo Maswa ikiwa bado mkoa wa Shinyanga. Siku ya kuagwa, fundi mmoja mgeni aliyekuwa amekuja kufunga mashine alimpa zawadi: chupa ya kijani ya pembe tatu, ina picha ya mnyama mwenye mapembe kama matawi, na namba 12. Glenfiddich. Mzee si mlevi, ni mtu wa bia moja ya sherehe. Chupa hakuifungua. Aliizungushia kipande cha kitenge, akaisimamisha kwenye kabati la vyombo nyuma ya vikombe vya wageni, akaanza kuhesabu.

Maana alikuwa ameambiwa kwamba wiski kadiri inavyokaa ndivyo inavyopanda daraja. Basi mwaka 2012, Simiyu ilipofanywa mkoa, kwake chupa ilikuwa na miaka 18. Mwaka 2020 ikawa na 26. Kila Krismasi anaitoa, anaifuta vumbi, anaongeza mmoja, anairudisha. Watoto walikua wakijua kwamba kwenye kabati kuna kitu kinachoiva. Mwaka 2024 ikatimiza 30.

Hapo ndipo ikaja simu. Kijana mmoja wa mtaani, wale wanaojua kila kitu mtandaoni, alimwonyesha mzee bei ya Glenfiddich ya miaka 30. Na ni kweli, chupa ya namna hiyo ipo na bei yake inahesabiwa kwa mamilioni ya shilingi. Mzee akapiga hesabu zake kimya kimya. Kitinda mimba alikuwa ameingia chuo Mwanza na mkopo haukutosheleza ada. Wenzake walipouza ng'ombe wakati bei imechangamka, yeye akatulia. Alikuwa na chupa.

Dada alizipata habari hizi Novemba, kutoka kwa kitinda mimba mwenyewe, kwa furaha kabisa: "Da, baba amesema usihangaike na ada ya muhula wa pili. Chupa italipa."

Alikuwa kaunta wakati anaisikiliza hiyo sauti. Alimaliza kumhudumia mteja, akaenda stoo, akakaa juu ya kreti.

Kwa sababu ukweli ni huu, na kila anayetaka kununua wiski ya kuposti aujue kwanza: wiski inakua ndani ya pipa. Ikishaingia kwenye chupa, umri umesimama. Ile ya miaka 12 utakayoiweka kabatini hadi mjukuu aoe, siku ya kuifungua ni ya miaka 12. Namba iliyo kwenye lebo inahesabu muda ambao kimiminika kilikaa ndani ya pipa la mti wa mwaloni, na kwa wiski ya Scotland ni muda wa kile kichanga kuliko vyote vilivyochanganywa humo. Sheria yao inataka angalau miaka mitatu ndani ya pipa na ukali usiopungua asilimia 40. Pipa ndilo linaloipa rangi na utamu, na mbao hupumua: kila mwaka karibu asilimia mbili ya kilichomo inaondoka hewani. Wenyewe wanasema hiyo ni sehemu ya malaika. Ndiyo maana ya miaka 30 ni ghali, malaika wamekunywa nusu yake. Kioo hakipumui.

Sasa umwambie nani hayo? Mzee wa miaka sabini na kitu, aliyekwisha kutoa ahadi ya ada, kwamba kwa miaka 18 alikuwa anafuta vumbi tu? Na akiuliza "wewe umeyajulia wapi?", unajibu nini, mapokezi?

Alizunguka na hilo swali wiki tatu. Mwisho akaamua kwamba maneno hayatatosha, mzee ni fundi, na fundi anaamini anachokigusa. Akaenda Kariakoo akanunua vichupa sita vipya vya kioo, vile vya kuwekea marashi. Kwa hela yake mwenyewe akanunua toti mbili mbili za wiski sita anazozijua vizuri, akavijaza, akabandika plasta na kuandika namba. Moja hadi sita. Kisha akapanda basi.

Tarehe 27 Desemba jioni, baada ya jua kupoa, wakakaa chini ya mwarobaini: mzee, mjomba, shangazi, kitinda mimba ambaye ana miaka 20 na hakuna wa kumzuia. Mama alibaki ndani, akasema ana michembe ya kuchambua. Kuchambua michembe saa kumi na mbili jioni, haya.

"Hizi ni marashi?" mjomba aliuliza.

"Za kunywa, mjomba. Zawadi kutoka hotelini. Lakini kila mtu vijiko viwili vya chai tu, na kabla ya kunywa unanusa."

Alianza kwa kuwaeleza ni kitu gani, na hapo shangazi akamshangaza. Dada alikuwa anahangaika kutafuta maneno: shayiri inaloweshwa, inafunikwa hadi iote vimizizi, inakaushwa, inasagwa... Shangazi akamkatisha. "Si kimea hicho! Mbona unatuzungusha?" Enzi zake amepika pombe ya mtama kwa ajili ya ngoma na kazi za mashamba ya watu, na kimea anakijua kwa kidole. Kwa hiyo yale maneno "single malt" yanayowatoa watu jasho mjini, shangazi aliyamaliza kwa sentensi moja: kimea tupu cha shayiri, kilichopikwa kwenye kiwanda kimoja, bila kuchanganywa na cha jirani. Hizo nyingine zinazojaa mabaa, Black Label na ndugu zake, ni mchanganyiko wa kimea na nafaka nyingine kutoka viwanda vingi. Si mbaya hata kidogo, ila ni kwaya. Hii ni sauti moja.

Namba moja ilikuwa Glenmorangie Original. Kwa miaka mingi ilikuwa ya miaka 10, mwaka 2024 wameipandisha kuwa ya 12. Inatoka mji wa Tain, kaskazini mwa Scotland, na mitungi yao ya shaba ya kupikia ndiyo mirefu kuliko yote nchini humo, shingo zake zinapita mita tano, hadi wakachukua twiga kuwa alama yao. Mvuke ulio mzito haufiki juu, unarudi chini. Unaovuka ni mwepesi. Ndiyo maana ukinywa unapata maganda ya chungwa, vanila, asali kidogo, na inateremka bila ugomvi. Dada anaishauri kwa mtu yeyote anayesema "mimi wiski siwezi". Mjomba akasema hii ni ya akina mama. Shangazi akasema basi mletee mama kijiko cha tatu.

Namba mbili akaipita haraka, na aliipita makusudi. Ilikuwa Glenfiddich 12, mpya, ile ile ya kabatini, ila hakuitaja jina. Mapeasi ya Lushoto yaliyoiva, alisema, nyasi mbichi, mbao kwa mbali. Hii ndiyo familia iliyoanza kuuza wiski ya kimea kitupu nje ya Scotland kwa nguvu, mwaka 1963, wakati wengi wanauza mchanganyiko. Mzee alinusa, akanywa, akasema, "Nzuri. Ya kawaida." Dada akameza mate.

Namba tatu ndiyo iliyoleta kelele. Glenfiddich 15. Wana pipa moja kubwa sana la mbao ambalo tangu waanze kulitumia mwaka 1998 halijawahi kumalizwa. Wakitoa, hawavuki nusu, wanajazia juu mpya. Mzee akacheka, mara ya kwanza jioni hiyo. "Kibuyu cha maziwa." Ndiyo, baba, kibuyu cha maziwa. Kile cha mtindi ambacho hakisuguliwi kikaisha, kinabakizwa kidogo ili ya jana iifundishe ya leo. Mle ndani kuna asali, mdalasini, zabibu kavu, na inajaa mdomoni kuliko ya 12. Kama una hela ya chupa moja tu kwa mwaka na unataka kuelewa kwa nini watu wanapagawa na hizi habari, ushauri wa Daktari ni huo: 15. Kati ya 12 na 15 utaisikia tofauti hata ukiwa na mafua. Kati ya 15 na 18 unahitaji utulivu, na unahitaji mfuko. Kwa bei za Maswa, ya 12 ni mbuzi na chenji yake, ya 18 umeshaanza kuongelea ndama.

Namba nne, Balvenie ya miaka 14, imelazwa kwenye mapipa yao ya kawaida, kisha ikamalizia kwenye mapipa yaliyokuwa na ramu. Hapa dada alilazimika kueleza biashara ya mapipa, maana mzee alitaka kujua ramu imefikaje Scotland. Kumbe ni mitumba mitupu! Wamarekani kwa sheria yao lazima bourbon ilale kwenye pipa jipya lililounguzwa ndani, kwa hiyo wakishalitumia mara moja hawana kazi nalo, Scotland wananunua. Wahispania nao na mapipa ya mvinyo wao wa sheri. Wiski unayoipigia picha kwa mbwembwe imekulia kwenye pipa la kurithi. Hii ya namba nne ina sukari guru, ndizi mbivu, na mwisho wake mtamu kama kitu ulichokula utotoni ukakisahau. Kitinda mimba aliipa kura yake hapo hapo. Ni ya vijana kweli, ya mtu anayetoka kwenye vinywaji vitamu. Lakini tafadhali usiweke kinywaji cha kuongeza nguvu humo ndani. Ukitaka hivyo nunua chochote cha bei rahisi, utapata matokeo yale yale.

Namba tano, Talisker 10, kutoka kisiwa cha Skye. Chumvi, pilipili manga, moshi mwembamba, na ukali wake ni asilimia 45.8 kwa hiyo matone mawili ya maji hayadhuru. Mjomba akakohoa, akasema hajakohoa.

Kufikia hapo walikuwa wameshagawanyika kama uwanja wa ngoma, Wagalu huku Wagika kule. Shangazi na kitinda mimba upande wa utamu, mjomba peke yake upande wa pilipili akidai ana watu wengi kijijini. Mzee hakuwa amepiga kura.

Namba sita ilikuwa Lagavulin ya miaka 16. Kisiwa cha Islay hakina misitu ya maana, kwa hiyo tangu zamani kimea wanakikausha kwa moto wa mboji, ule udongo wa mimea iliyooza na kugandamana chini ya maji kwa maelfu ya miaka, wanaukata kama matofali na kuuchoma. Moshi unaingia kwenye nafaka na hautoki tena, hata baada ya miaka 16 ndani ya pipa. Mjini watu wengi wakinusa mara ya kwanza wanarudisha glasi, wanasema hospitali, wanasema lami. Dada huwa hambembelezi mtu. Kama nyumbani kwenu walipikia gesi, anakuacha.

Mzee alinusa. Akaishusha glasi, akainusa tena, akatazama upande ambako zamani lilikuwa zizi.

"Huu ni moshi wa zizini," alisema. "Wa jioni. Tulikuwa tunachoma samadi ng'ombe wakirudi, kufukuza mbung'o. Baba yangu alikuwa ananuka hivi koti zima."

Akanywa kidogo. Hakuna aliyeongea. Chini ya ule moshi kuna utamu kama wa michembe iliyochemshwa, na chumvi, na unakaa mdomoni muda mrefu sana. Mzee akasema, "Hii mimi naikubali," na kura ikawa imepigwa.

Kisha mjomba, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika, akauliza lile swali. "Mayu, huko mapokezi wanawafundisha yote haya?"

Watu wa kaunta wana ujuzi mmoja ambao haumo kwenye kitabu chochote: wanajua sekunde ambayo ukichelewa kujibu, kimya kimeshajibu. Alichelewa.

"Sipo mapokezi, mjomba." Akamgeukia mzee. "Baba, mimi niko kaunta. Nauza hivi."

Mzee hakusema kitu. Aliinuka, akaingia ndani. Shangazi akaanza kukusanya glasi kama mtu anayeona mvua inakuja. Waliposikia kabati linafunguliwa, dada akajua kwamba limekuja la pili kabla la kwanza halijaisha.

Mzee alitoka na chupa, kitenge bado kimeizunguka. Akaiweka mezani. "Kama unauza, basi nipimie hii. Inauzwa shilingi ngapi?"

Hapo angeweza kudanganya. Angesema ngoja niende nayo Dar, angetafuta hela kwa kukopa, angemtumia mzee kidogo kidogo na kumwambia chupa imeuzika. Alikuwa amelifikiria hilo ndani ya basi, kutoka Mbezi hadi Shinyanga. Lakini mbele yake kulikuwa na glasi ya namba mbili yenye mabaki, na baba yake alikuwa ameinusa dakika arobaini zilizopita na kusema ni ya kawaida.

"Baba, tuifungue kwanza."

Mjomba akataka kupinga. Mzee akainua mkono.

Kizibo kilikatika katikati. Miaka 18 kimesimama kikavu, kilikuwa kimekuwa kama ukoko. Kimiminika nacho kilikuwa kimeshuka chini ya shingo ya chupa, malaika wa Maswa nao wamejitahidi. Wakachuja kwa chujio la chai. Dada akamimina glasi mbili zinazofanana, ya chupa ya mzee na ya namba mbili, akazizungusha nyuma ya mgongo, akampa shangazi, kwa sababu alikuwa amekwisha kuona jioni hiyo nani ana ulimi.

Shangazi alifumba macho. Akanusa kulia, kushoto, kulia. Akaonja. "Hawa ni ndugu," alisema. "Tena baba mmoja mama mmoja. Ila huyu wa kulia amechoka kidogo."

Wa kulia alikuwa wa kabatini.

Mzee akazionja zote mbili mwenyewe. Taratibu, kama alivyokuwa akisikiliza injini. Alirudia mara tatu.

"Kwa hiyo ni kumi na mbili."

"Ni kumi na mbili, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu siku uliyopewa."

Akatikisa kichwa, akakaa. Ukapita muda. Ndipo akauliza, bila kumtazama, "Na wewe uko kaunta tangu lini?"

"Huu mwaka wa saba."

"Wanakutukana?"

"Wapo wanaojaribu. Tuna mlinzi."

"Wanalipa?"

Akamtajia. Mjomba alipiga mluzi.

Kutoka ndani, katikati ya michembe, ikasikika sauti ya mama: "Mimi najua tangu mwaka wa pili. Mtu wa mapokezi gani anapiga simu saa tisa usiku ndiyo anatoka kazini?"

Tusidanganyane kwamba wakakumbatiana. Siku iliyofuata mzee hakuzungumza na binti yake hadi jioni, na alipozungumza ilikuwa kuhusu betri ya redio. Januari aliuza ng'ombe wawili mnadani kwa bei ambayo hakuipenda, ada ikapatikana nusu. Nusu nyingine ilitoka Dar, kutoka kwenye bakshishi za kaunta, na safari hii hakuna aliyedanganywa zimetoka wapi. Yule kijana wa mtandaoni alipita nyumbani kuulizia mauzo ya chupa, akapewa toti moja na kuambiwa ndiyo mgawo wake.

Dada amerudi kazini. Wateja wakimuuliza kuhusu chupa za kuweka akiba sasa anajibu kwa ukali kidogo kuliko zamani: nunua unayotaka kunywa, hakiki stempu ya TRA kwa simu kabla hujalipa kwa sababu chupa tupu zina soko lake na wajanja wanazijaza tena, na ukishaifungua usiiache robo ikae mwaka mzima, hewa itaimaliza kabla yako. Ukitaka yenye umri mkubwa, ulipie umri wa pipa. Ya kabatini kwako haihesabiwi.

Chupa ya pembe tatu ipo bado Maswa, imeshuka hadi nusu. Imetolewa kwenye kitenge, inakaa juu ya kabati, na mgeni akiuliza mzee anasema ni ya miaka 12 na inatosha. Majirani nao wamesikia binti yuko kaunta. Wengine wamesema yao. Balozi wa mtaa alikuja kuulizia kama kuna nafasi kwa mwanawe.

Mwezi Machi ikaingia meseji kwa dada, ya mzee mwenyewe, ameandika kwa herufi kubwa zote kama kawaida yake. Anauliza ile ya moshi wa zizini, namba sita, chupa nzima ni shilingi ngapi. Dada akamjibu bei. Ikapita siku nzima kimya. Usiku ikaja nyingine: KICHUPA CHA MARASHI KINATOSHA.